Mpepesaji wa Mtalawe

Kila asubuhi, kabla sijafumbua macho, watu elfu sita wa Mtalawe wananisubiri. Wameshaamka, wameshafagia nyua zao, wengine wameshabandika uji, lakini kila mmoja ana kichupa cha matone karibu na mkono. Nikifumbua na kupepesa mara ya kwanza, uzi uliobandikwa kwenye pembe ya kope yangu ya kulia unapeleka habari kwenye mnara wa kliniki. Mnara unaitikisa punje iliyopandikizwa nyuma ya sikio la kila mtu. Nao wanapepesa.

Kazi yangu inaitwa Mpepesaji. Niliianza nikiwa na miaka kumi na minne, na sasa nina ishirini na miwili. Masharti yake si mengi. Sivai miwani, kwa sababu kioo huzuia upepo na jicho langu lingewadanganya watu. Sikai penye moshi. Sikati vitunguu. Bila sababu kubwa, silii.

Nililia mara moja tu, siku tulipomzika bibi. Wauza zabibu sokoni, mafundi juu ya mapaa, walimu madarasani, wote walipepesa pamoja nami mpaka macho yao makavu yakapata unyevu kidogo, ingawa wengi hawakumjua bibi. Wiki nzima watu walikuja nyumbani kunishukuru. Mzee Malogo, anayeishi peke yake karibu na shule, alisema alikuwa amesahau jinsi jicho linavyokuwa likilowa.

Tatizo langu ni kuona haya. Mtu mwenye haya hupepesa sana. Kijana akisifia kanga yangu njiani, mji mzima unajua. Nikienda bombani kuchota maji, wanawake hawaniachi.

"Seche, jana saa kumi ulikuwa na nani? Nilikuwa napepeta uwele, macho yakanienda mbio kama ya kuku aliyemwagiwa maji."

"Mtaje tu, dada. Sisi tutapika pilau."

Mimi hujifunika uso kwa kanga. Wao hucheka, na kwa kuwa nimeona haya, wote hupepesa upesi upesi huku wakicheka.

Mama huniambia mambo hayakuwa hivi. Zamani jikoni kulikuwa na kuni, na kuni zilikuwa na moshi, na kila aliyepika alitoka nje akifuta machozi kwa pindo la kanga. Watu walikata vitunguu na kulia, wakachekana. Vumbi la mwezi wa tisa likivuma kutoka uwandani, mji mzima ulitembea umefumba jicho moja. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja angeyatamani mambo hayo.

Kisha ikaja leza. Mbele ya jicho kuna ngozi angavu kama kioo, inaitwa konea. Isipokuwa na umbo zuri, mtu haoni mbali, na leza huichonga ikakaa sawa. Lakini ndani ya konea kuna mishipa ya fahamu myembamba kuliko uzi wa buibui. Hiyo ndiyo inayosikia upepo na vumbi, ndiyo inayoita machozi na kuiambia kope ishuke. Leza huikata. Kwingine mishipa hiyo huota tena baada ya miezi michache. Kwetu haikuota, na madaktari wametafiti miaka ishirini bila kujua kwa nini. Ilipokuja kujulikana, kila mtu wa Mtalawe mwenye zaidi ya miaka kumi alikuwa ameshafanyiwa. Hata hivyo hawakuacha. Kuona ni kutamu, na punje ilikuwa imeshapatikana.

Walijaribu kwanza kurekodi kupepesa kwa mgeni mmoja na kuucheza mkanda huo kila siku. Ulirekodiwa wakati wa baridi tulivu. Pepo za mwezi wa tisa zilipofika, kliniki ilijaa ndani ya siku tatu. Hapo wakajua wanahitaji jicho zima, lililo hai, linalopigwa na upepo uleule unaowapiga wao.

Leza hutolewa shuleni, darasa la tano. Mimi niliacha shule darasa la nne.

*

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi Daktari Aikande hunipima. Ni mwanamke mpole aliyetoka Kilimanjaro miaka mitatu iliyopita, na ana desturi ya kupasha mikono yake moto kabla ya kunigusa uso. Siku hiyo aliweka karatasi ndogo ya kupimia machozi chini ya kope yangu, akasubiri dakika tano, akaitazama ilivyolowa. Akasema mji mzima ungekuwa na macho kama yangu, yeye angerudi kwao kulima migomba.

Halafu akaniambia nisome ubao. Herufi ya juu kabisa, ile kubwa, ilikuwa wingu jeusi. Nilimwambia ukweli. Ninachokiona vizuri ni kile kinachofikiwa na mkono wangu.

Akavuta kiti. Alisema macho yangu yanazidi kuharibika, na hakuna sababu ya kuniacha hivi. Mwezi ujao mashine mpya ya leza ingefika. Ndani ya saa moja ningeweza kuuona mnara nikiwa mlangoni kwetu, na baada ya hapo kliniki ingenirudisha shule ya watu wazima.

"Tumempata wa kukupokea," alisema.

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Sitaki kulificha hilo. Nilisema ndiyo mara mbili, na najua Mtalawe yote ilipepesa kwa furaha yangu bila kujua ni ya nini.

Nilipotulia nikauliza ni nani. Akasema ni mtoto wa darasa la nne, anaitwa Nyemo. Walikuwa wamemjaribu kwa siku kumi na kupepesa kwake kulikuwa kwa taratibu na kwa kweli. Mwakani wangemwondoa kwenye orodha ya leza.

"Kwa nini yeye, daktari? Watoto wapo wengi."

Daktari Aikande alipanga vifaa vyake, akavipangua.

"Mtoto anayeona vizuri hukodoa macho," alisema. "Anafuata ndege, anafuata mpira, anasahau kupepesa. Asiyeona mbali hana cha kukodolea. Anakaa kimya, anapepesa sawasawa." Akashusha sauti. "Kama wewe ulivyokuwa. Nimesoma faili lako."

*

Aliniomba niende shuleni nikamzoeshe Nyemo uzi. Nilikuwa sijavuka lango lile tangu nilipotoroka. Harufu ilikuwa ileile, chaki na madaftari na maharage ya mchana yakichemka, na miguu yangu ilijua njia ya kwenda darasa la nne bila kuuliza.

Wengi hudhani niliacha shule kwa uvivu. Mimi niliacha kwa sababu ya ubao. Kwangu ubao ulikuwa ukuta mweusi wenye ukungu mweupe, na niliona haya kusema. Niliketi na rafiki aliyekuwa akininong'oneza maneno, nami nikiambiwa nisome nilisimama na kuyasema kwa kichwa. Mwalimu Chitema alinisifu kwa kusoma bila kusita. Siku moja rafiki yangu aliugua malaria. Mwalimu akaniita nisome. Nilisimama nikautazama ule ukungu mpaka darasa likaanza kucheka. Kesho yake nilijificha kwenye shamba la zabibu, na keshokutwa, na mama alipojua, nilimwambia sipendi shule. Sikumwambia neno jingine. Leza ilikuja darasani kwetu mwaka uliofuata.

Mwalimu Chitema bado alikuwa akifundisha darasa lile, sasa na mvi. Nilisimama dirishani. Nyemo nilimtambua bila kuonyeshwa. Alikuwa amekaa dawati la nyuma, shingo imepinda kuelekea daftari la mwenzake, penseli yake ikimfuata mwenzake neno kwa neno, naye mwenzake akimsukuma kwa kiwiko. Ubao hakuutazama hata mara moja.

Wakati wa mapumziko tulikaa chini ya ukuta wenye kivuli. Nilimwonyesha jinsi ya kubandika uzi, jinsi ya kuosha uso bila kuulowesha. Alisikiliza kwa makini sana, akirudia maneno yangu chini kwa chini, na nikajua anayahifadhi kwa kichwa.

"Dada," akaniuliza, "ni kweli nikiwa Mpepesaji sitaitwa tena kusoma ubaoni?"

Nilimwambia ni kweli. Mpepesaji hafanyi mtihani.

"Basi nakubali," akasema, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyeambiwa shule imefungwa.

Siku ile nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Wanawake wa bombani walinisimulia baadaye kwamba mchana ule macho yao hayakutulia hata kidogo, na kwamba kwa mara ya kwanza hakuna aliyefanya utani.

*

Mama alikuwa akichambua mlenda. Jicho lake la kushoto lina doa jeupe katikati, kubwa kama punje ya mtama. Alilipata miaka mitano iliyopita, radi ilipopiga mnara na punje zikanyamaza siku mbili. Watu walikuwa wameshazoea kupepeseshwa. Walikaa mbele ya redio wakisubiri tangazo, macho wazi, na wala hawakusikia maumivu, kwa sababu konea isiyo na mishipa haiumi. Mama alienda kliniki siku ya tatu, alipoona ukungu. Kidonda kilikuwa kimeshakomaa.

Kwa hiyo nilipomweleza habari za Nyemo na leza, nilikuwa nikizungumza na mtu mwenye jicho moja zima, na jicho hilo lilikuwa mkononi mwangu. Nilimwambia yote. Nilimwambia na la ubao, ambalo sikuwahi kulisema kwa miaka kumi na mbili.

Mama aliacha mlenda. Alinitazama, akipepesa nilipopepesa.

"Ulikuwa huoni," akasema. "Mimi nikakuchapa."

Aliinuka akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani, katika kitambaa, mlikuwa na miwani. Ilikuwa yake, ya kabla ya leza. Kumbe macho haya nimeyatoa kwake. Kila mtu alitupa miwani yake mwaka ule wa leza, wengine waliikanyaga uwanjani wakishangilia, lakini yeye aliiweka kwa sababu baba ndiye aliyemnunulia.

Nilibandua uzi kwa muda mfupi wa kuhesabu hadi ishirini, nikavaa. Nilimwona mama. Nilikuwa nikimjua kwa sauti, kwa harufu, na kwa uso wa karibu wakati wa kukumbatiana. Sasa nilimwona akiwa kwenye kigoda chake, hatua nne kutoka kwangu, mzima, na makunyanzi ambayo sikujua kuwa anayo. Nyuma yake mti wa mninga ulikuwa na majani mojamoja.

Nikavua, nikarudisha uzi, nikamwomba msamaha kwa zile ishirini. Akacheka.

"Unafikiri sisi tuliishije mwaka wa kwanza?" akauliza. "Leza ilikuja mwaka mzima kabla ya mnara. Tulikuwa tunatazamana. Baba yako alikuwa anakula, ananitazama, ananiambia, pepesa, mama Seche. Nami namwambia, pepesa na wewe. Sokoni hivyohivyo, kanisani, msikitini. Ukimwuzia mtu nyanya, unamkumbusha. Nilimtazama baba yako mwaka ule kuliko miaka yote tuliyokaa. Mnara ulipokuja, kila mtu akatazama kazi yake."

Nilimwuliza kama hakuna aliyepofuka mwaka ule. Mama hakunidanganya. Alisema walipofuka wawili, na wote walikuwa wakiishi peke yao.

*

Nilimweleza Daktari Aikande nilichotaka. Sitaki leza. Nyemo aachwe katika orodha, mwakani wazazi wake waamue kama wazazi wengine. Mimi nitabaki Mpepesaji, lakini kila siku ya shule, kuanzia saa mbili hadi saa sita, nitabandua uzi, nitavaa miwani ya mama na kukaa darasa la nne. Kwa saa hizo nne Mtalawe itajipepesea.

Alikasirika kwa namna yake ya upole, ambayo ni mbaya kuliko kelele. Alinionyesha picha za konea zenye vidonda, nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Aliniambia kidonda kinaweza kumpofusha mtu kwa siku mbili, na kwamba wapo wazee, wapo wavivu, wapo wanaokunywa pombe asubuhi.

"Akipofuka mmoja, utasemaje?"

"Sijui, daktari. Nitakuwa nimefanya vibaya." Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Lakini Nyemo nitamwambia nini? Yeye yuko gizani tayari, na sisi ndio tunamwacha humo, kwa kuwa hasemi."

Daktari aliitazama karatasi yake ya kupimia machozi, kisha akaniambia hawezi kuamua peke yake. Mji uulizwe.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, uwanjani. Nilikuwa sijasimama mbele ya watu tangu ile siku ya darasani. Nilipopanda jukwaani niliona ukungu wa rangi tu, kanga na kofia, na haya ikanipanda kutoka miguuni. Kope zangu zilianza kwenda mbio. Mbele yangu kope za watu wote zilienda mbio pamoja. Sikuziona, lakini nilisikia kicheko kikipita uwanjani, kwanza kidogo, kisha kikubwa. Hakikuwa kama kile cha darasani. Walikuwa wakicheka kwa sababu haya yangu ilikuwa machoni mwao.

"Pole, Seche," sauti moja ikasema. "Tumeshajua unaogopa. Endelea tu."

Nikasema. Niliwaambia habari za ubao, za mtoto wa dawati la nyuma bila kumtaja jina, na za mwaka ule kabla ya mnara ambao wakubwa wote pale waliukumbuka. Nilipomaliza maneno nikafanya nilichokuwa sijakipanga. Nikabandua uzi, nikavaa miwani.

Kicheko kilikatika. Niliwaona wote. Mamia ya nyuso, na katika nyuso zile macho yaliyo wazi kabisa, hayafumbi, yanang'aa kwenye jua na upepo, yote yakinielekea. Hakuna aliyetikisika. Walikuwa wakisubiri. Nilihesabu hadi kumi. Nilihesabu hadi kumi na tano, na mkono wangu ukaanza kurudi kwenye uzi.

Mama alikuwa mstari wa mbele. Alimgeukia jirani yake, mama mmoja muuza maandazi ambaye walikuwa hawasemeshani naye tangu ugomvi wa mpaka wa uwanja. Akamtazama usoni.

"Pepesa, jirani," akamwambia.

Jirani akapepesa. Akamtazama mama, akalitazama doa lake jeupe.

"Na wewe, shoga."

Ikaenda hivyo, mstari hadi mstari, watu wakigeukiana, wakisahau jukwaa. Mume na mke walicheka. Wazee wawili walibishana nani kapepesa kwanza. Daktari Aikande alikuwa amesimama pembeni na kichupa cha matone mkononi, tayari, na hakukifungua.

*

Sasa ni wiki ya sita tangu mji ukubali. Watu wawili wamepata michubuko midogo, na daktari ameitibu. Kila nikisikia hivyo usingizi unanipotea. Anasema tutapima hadi pepo za mwezi wa tisa, ndipo tuseme kitu. Ameagiza miwani mbili kutoka mji mkubwa, akanung'unika kwamba karani wa huko alimwuliza miwani ni nini.

Mpaka zifike, tunayo moja. Mimi na Nyemo tunakaa dawati la mbele, magoti yangu hayaingii chini yake, na watoto wananiita bibi. Mwalimu Chitema akimaliza kuandika, navaa mimi kwanza nisome nusu ya ubao, kisha navua namvisha Nyemo asome nusu iliyobaki. Siku ya kwanza ilikuwa sentensi moja tu, juu kabisa, chaki nyeupe: Leo ni Jumatatu. Nilimwomba mwalimu asiifute mpaka mchana, na hakuniuliza sababu.

Saa tatu na robo hivi fimbo husikika nje. Ni Mzee Malogo. Nyumbani kwake hakuna wa kumtazama, kwa hiyo hubeba kigoda chake na kukiweka chini ya dirisha letu, akageuza uso kwetu. Ni zamu ya dawati la dirishani kumwangalia, lakini hakuna anayengoja zamu.

"Mzee, pepesa!" darasa zima linaimba.

"Nimeshapepesa, nyie watoto," anasema.

"Hujapepesa! Tumekuona!"

Mwalimu Chitema anangoja, chaki mkononi, mpaka mzee afumbe na kufumbua. Kisha ananiita mimi nisome.